Filta Inayoua Mng'ao

Mimi hasira zangu ziko puani, kila mtu nyumbani anajua. Kwa hiyo asubuhi ile, nilipomkuta mdogo wangu amejikunja mlangoni, mkono mmoja kiunoni na mwingine unatafuta viatu, nilifoka.

"Tumbo lenyewe limeshashuka hivyo, unakwenda kushona mashati ya nani?"

"Leo kuna mgeni mnunuzi, dada. Meneja kasema mashine ikikosa mtu leo, mtu huyo asirudi tena."

"Na uchungu ukianza?"

"Nitaomba ruhusa." Akacheka, akajifunga lemba lake la njano, akatoka.

Sikumzuia kwa sababu nami nilikuwa nakwenda huko huko. Kiwanda kilinikodi nikipigie video ya matangazo. Mdogo wangu alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba wanafungiwa kwa mnyororo mpaka kazi ya siku iishe. Mama alimwambia aache kudeka. Mimi nilidhani anatia chumvi.

Mchana jua lilikuwa linachoma utosi. Meneja, mwanamume anayenukia manukato kabla hujamwona, alinisimamisha pembeni ya jengo. Ukuta mzima ulikuwa vioo.

"Nataka ving'ae, dada. Anga na mawingu yaonekane humo. Wafanyakazi utawapiga picha baadaye."

Mgeni mnunuzi alisimama nyuma yangu, macho kwenye skrini niliyoifunga juu ya kamera.

Jua la namna ile kamera hailiwezi hivi hivi. Picha inaungua, inakuwa nyeupe pee. Nikafunga mbele ya lenzi filta yangu, kile kioo cheusi cha kuzungusha. Ukizungusha pete yake, mwanga unapungua kidogo kidogo. Ila ina tabia yake moja. Ukiwa umesimama mshazari na dirisha, kuzungusha huko huko kunaua mng'ao wa kioo. Wewe kwa macho yako unaona mawingu, kamera inaona ndani. Nilikuwa najua, nimeifanyia kazi miaka yote. Siku hiyo nilikuwa nawaza jua tu.

Nikazungusha. Mawingu yakafutika kwenye skrini.

Zikatokea safu za mashine, wanawake wameacha kushona, wote wanatazama upande mmoja. Ukatokea mlango, mnyororo umezungushwa kwenye vishikio vyake, na kufuli kubwa. Chini, kando ya mlango, lemba la njano. Mdogo wangu alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mdomo wazi. Mwenzake anampepea kwa kipande cha kitambaa, mwingine anagonga mlango kwa ngumi. Jenereta lilikuwa linanguruma karibu yetu, hatukusikia lolote.

Nikapiga kelele. "Meneja, fungua mlango! Yule ni mdogo wangu, anajifungua!"

Akatazama ukuta. "Mlango gani? Mimi naona mawingu." Kisha akaiona skrini. Akaniinamia sikioni, sauti ya chini kabisa. "Zungusha hicho kidude, dada. Mgeni akiondoka tutafungua. Hawa wanajua kuigiza."

Nikamwacha hapo, nikamgeukia mgeni. Nilijua huyu akisema neno moja, mlango utafunguka. "Mzee, tazama mwenyewe. Umeuona mnyororo? Umemwona yule pale chini?"

Alitazama. Alitazama vizuri, naapa. Halafu akajitia hamnazo, akavua miwani akaanza kuifuta.

"Ile ya mwanzo ilikuwa nzuri zaidi," akasema. "Ile yenye mawingu."

Jamani! Nilikuwa nimesimama uwanjani, hewa tele, na nilihisi nimefungiwa humo humo na wao. Nimeona, nimeonyesha, na mtu ananichagulia picha. Ilikuwa hofu sasa, siyo hasira tena.

Nikachomoa kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikaitupa kwenye majani. Nikashika stendi kwa mikono miwili, nikaipiga kwenye kioo. Kikalia du, kikabaki vilevile. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, mguu mmoja wa stendi ukakatika.

Meneja akaangua kicheko. "Kioo hicho ni kinene, dada. Utachoka bure."

Ndipo tukasikia kishindo kutoka ndani, kikapita hata ngurumo ya jenereta. Kikaja kingine, na kingine. Walikuwa wamechukua pasi zao za chuma, wanapiga upande wao. Bila filta sikuwaona. Niliona mawingu tu, yanatikisika.

Meneja akaacha kucheka. Akapapasa mfuko wa suruali. Akapapasa wa koti, wa ndani na wa nje, akarudi kwenye suruali. Jasho likamtoka.

"Funguo ziko kwenye gari," akasema. "Nimemtuma dereva mjini."

Nikaokota ule mguu wa stendi uliokatika, nikamtia mkononi.

"Basi piga."