Udongo wa Kilakala

Haya nilihadithiwa na bibi yangu Mwanaasha, mwaka ule nilipotolewa shule darasa la nne nije kumsaidia kuchambua mbaazi. Yeye aliyasikia kwa mama yake, na mama yake ndiye Mosi mwenyewe. Mimi sikutia chumvi. Iliyomo ni ya Mosi.

Siku yenyewe Mosi alikuwa amesimama katikati ya matofali yaliyopasuka, anacheka.

Alikuwa ameteremka kutoka Kilakala na mtungi mpya kichwani, wa kuwekea maji ya wajenzi wa reli. Reli ilikwisha fika Kingolwira, inakuja, na Wadachi walitaka stesheni ya matofali isimame Morogoro kabla gari la moshi halijaingia. Fundi Stambuli, mtu wa pwani, ndio kwanza alikuwa amefungua tanuri. Kila tofali alilolishika lilimgawanyikia mkononi.

"Unacheka nini, mama?"

"Nacheka mkate wako, fundi. Nje umeungua, ndani mbichi."

"Cheka tu. Msimamizi ametoka hapa sasa hivi. Tanuri lijalo likitoka hivi, nalazwa chini, viboko ishirini na tano. Uje uchekee na hilo."

Mosi akautua mtungi. Angeweza kuchukua ujira wake akaenda zake, na maisha yangekuwa mengine. Lakini Stambuli aliongeza neno: "Na wewe muuza vyungu, tofali utalijulia wapi?"

Mosi akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole. Ukalia, ngee, sauti ndefu, safi.

"Ligonge na tofali lako, tusikie."

Stambuli hakugonga. Aliinama, akaupapasa mtungi, akauzungusha taratibu kama mtu anayesoma. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mama, mkono huu umefundishwa na nani?"

Hapo ndipo palipomponza. Tangu azaliwe, watu walisifu maji ya mtungi, mtungi wenyewe hakuna aliyeusifu. Mosi alisikia kifua kinajaa. Akamweleza kwamba udongo wake ule wa mtoni ni mchanga mtupu, hauna mnato wa kushikana. Akamweleza kwamba udongo hupewa mwenzake uliokwisha kuonja moto: unatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, unachekecha, unachanganya, ndipo haupasuki. Na kabla jua halijageuka alikwisha mteremsha hadi kwenye shimo, chini ya Kilakala, penye udongo mweusi unaoteleza kama samli. Akachimbua donge kwa mkono wake mwenyewe, akampa.

"Mungu akulipe," alisema Stambuli.

Mosi alirudi nyumbani akiimba.

Hazikupita siku ishirini. Asubuhi moja wanawake wa Kilakala waliteremka na vikapu vyao, wakakuta vigingi vimepigwa kuzunguka shimo, askari ana bunduki, na wanaume arobaini wanachimba kwa majembe mahali ambapo hakuna jembe lililowahi kugusa. Maana udongo ule ulichimbwa kwa kijiti na kwa mkono, kwa kupokezana, na mwanamke aliye katika siku zake hakukanyaga pale. Askari aliwafukuza kama kuku.

Wakakusanyika uani kwa Bibi Mwanaheri. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafinyanzi, macho yake yamekwisha ingia ukungu, lakini alijua udongo kwa kuung'ata. Nyumbani kwake alikuwa amefundisha wawili tu, Mosi na Veronika. Siri ya vigae aliwapa hao, wengine walitia mchanga. Na kila mmoja alimpa kijiwe cha mtoni, cheusi, laini, cha kusugulia chungu kabla hakijachomwa. Mwenye kijiwe ni mfinyanzi. Asiye nacho ni mchezea matope.

"Udongo hautoki hivi hivi," alisema mmoja. "Kuna aliyepachafua."

"Nani asiyemjua?" akadakia mwingine. "Tangu amwagiwe maji kule misheni Matombo, miiko yetu kwake ni ushenzi. Alisema mwenyewe."

Wote wakamgeukia Veronika. Huyu alikuwa mke wa Gabrieli, kaka yake Mosi. Alikuwa wifi yake, wakikaa ua mmoja.

"Nilisema siogopi mizimu," Veronika alisema. "Sikusema nilikwenda shimoni nikiwa hivyo. Nimekwenda lini? Aliyeniona asimame."

Hakuna aliyesimama. Bibi Mwanaheri akageuza uso wake usioona.

"Mosi. Wewe unalala naye ua mmoja. Kanga zake unaziona zikianikwa. Alikwenda?"

Mosi alijua. Mwezi ule Veronika alikaa ndani siku zake zote, na udongo wake alichotewa na yeye Mosi. Jibu lilikuwa neno moja, jepesi. Lakini nyuma ya jibu hilo alimwona Stambuli ameshika donge, na alihofu kwamba akifungua mdomo kwa la kwanza, la pili nalo litatoka.

"Sijui," alisema.

Veronika alimtazama. Hakulia. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa kijiwe, akakiweka kwenye kiganja cha Bibi Mwanaheri. Akaenda zake.

Basi stesheni ikapanda. Kila kukicha imerefuka zaidi, nyekundu, unaiona kutoka mlimani hata usipotaka. Watu walisema Morogoro sasa itakuwa kitongoji cha Dar es Salaam, mtu ataamkia huko na kulala hapa. Wageni wakaja na maduka yao. Stambuli hakuchapwa. Akikutana na Mosi njiani humwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama mwalimu," na Mosi alitamani ardhi impasukie. Hakufinyanga tena. Akishika kijiwe chake, mkono ulikuwa mzito. Na kule uani wifi yake alitwangia watu mahindi apate unga, hasemi naye ila la lazima: "Maji yapo." "Mbuzi kakata kamba." Gabrieli aliuliza, "Ninyi mna nini?" Wote wawili wakajibu, "Hatuna kitu."

Ikafika siku gari la moshi lilipoingia mara ya kwanza. Mji wote ulihamia relini. Kilakala walibaki watatu. Bibi Mwanaheri alibaki kwa sababu haoni, Veronika kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Mosi alisema anaumwa kichwa.

Bibi Mwanaheri aliwaita wote wawili. Walimkuta amekaa jikoni, amepakata tofali.

"Gabrieli kaniletea hili asubuhi," alisema. "Alikuwa akibeba matofali yao, hili likavunjika pembe. Ati niongezee figa. Mume wako mwema, Veronika."

"Ndiyo, Bibi."

Kikongwe aliingiza ukucha kwenye pembe iliyovunjika, akachokoa, akatia mdomoni. Akatafuna polepole. Mbali kule chini kitu kililia, kama ng'ombe mkubwa kuliko ng'ombe wote, na watu wakapiga vigelegele. Bibi Mwanaheri hakushtuka. Akatema.

"Vigae," alisema. "Vimetwangwa, vikachekechwa mara mbili. Mdachi hajui hili. Mtu wa pwani hajui. Hili limetoka nyumbani mwangu, na humu nilifundisha wawili." Akaliweka tofali chini. "Sitauliza mara ya pili."

Veronika hakumtazama Mosi, hakumsaidia, hakumshtaki. Alimwachia nafasi tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Ni mimi," alisema Mosi.

Akasema yote: kicheko, mtungi, sifa, donge. Aliposema habari ya viboko, Bibi Mwanaheri alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba hilo amelielewa. Mosi akajikuta anapiga magoti, akakitoa kijiwe chake, akakinyoosha. Bibi hakukipokea.

"Mimi nitafanya nacho nini? Kijiwe cha Veronika kipo juu ya kichanja, ndani ya kifuu. Mpe kwa mkono wako."

Mosi alikileta. Veronika alikichukua, akakifuta kwenye kanga kana kwamba kimechafuka kwa kupita mkononi mwa Mosi.

"Wifi," alisema, na lilikuwa neno la kwanza kwa miezi mitatu ambalo halikuhusu maji wala mbuzi. "Shimo ningekusamehe. Hata mimi angenisifu mtu, labda ningemwonyesha. Lakini ile 'sijui' yako. Ile nitakaa nayo wapi?"



"Udongo umeugawa wewe, mwingine utautafuta wewe," alisema Bibi Mwanaheri. "Na njia za milimani hadi huko Matombo anazijua Veronika. Mtakwenda wote. Mosi ataonja, Mosi atabeba. Sikusema mpatane. Nimesema mlete udongo."

Wakaondoka kesho yake kabla jua halijawa kali, Veronika mbele, Mosi nyuma na kikapu kitupu. Walipita migomba, wakavuka vijito, wakapanda mpaka mji ukabaki moshi mdogo chini. Kila palipoporomoka kingo, Mosi alipiga magoti, akang'ata. Mchanga. Chumvi. Mizizi. Saa tisa meno yake yalikuwa meusi na ulimi hauhisi kitu. Veronika alimngojea kila mara, amesimama, amempa mgongo.

Mahali patatu pakaonekana pa kujaribiwa. Jua lilipotua walikaribishwa kwenye kibanda cha kulindia shamba. Mosi akafinyanga vidonge vitatu, kila kidonge na udongo wake, akavipanga kando ya moto. Utakaokauka bila ufa hadi asubuhi, huo ndio.

Veronika alivitazama. Akanyoosha mkono, akakisogeza kimoja nyuma kidogo, kilikuwa karibu mno na moto. Kisha akajifunika, akageukia ukutani, akalala.

Mosi alijilaza ubavu, uso wake karibu na vile vidonge, masikio wazi. Ufa una sauti, ndogo kama mtu anayevunja kijiti chumba cha pili. Alisikia kimoja kikipasuka. Akangoja. Alitaka kukesha navyo viwili vilivyobaki, lakini miguu ilikuwa imechoka na moto ulikuwa mzuri, na ladha ya udongo ikiwa bado mdomoni, usingizi ukamchukua.