Mafundo Ishirini

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Mdogo wangu alipoolewa akaingia dini ya mumewe, dini ya watu wasiojaza hata ukumbi mmoja, nilimcheka mbele ya ukoo mzima. "Hiyo dini yenu," nikamwambia, "mkihama mnatosha lori moja." Watu wakaangua kicheko. Yeye alitabasamu tu, akaniongezea chai.

Shemeji alifariki alfajiri, baada ya miezi mitano kitandani. Mdogo wangu akamfunga mtoto mgongoni, kichanga cha miezi mitatu, akaketi sakafuni kushona nguo ya maiti kwa mkono. Kwao hiyo ni kazi ya mjane, na cherehani haiigusi. Alipomaliza akaniachia niipige pasi.

Jamani! Hakuna fundo hata moja. Kila mshono ncha zake ziko wazi, uzi unaning'inia. Ukiuvuta kwa vidole viwili, nguo yote inafumuka. Na huyu nilimfundisha kushona mimi mwenyewe! Nikasema moyoni, maskini, msiba umemvuruga. Au ndio uzembe wa hao watu wake, kumzika mtu mzima na nguo ya kufumuka. Mwenyewe alikuwa chumba cha pili ananyonyesha, hatua sita kutoka nilipo. Sikumuuliza.

Nikatunga sindano. Mabega, mbavu, makwapa, mikono, shingo, pindo: mishono kumi, kila mmoja nikaupiga fundo mwanzo na fundo mwisho. Nikayaficha kwa ndani, kazi safi, kisha nikapiga pasi. Nililia nikiipiga, maana shemeji nilimpenda, Mungu ni shahidi.

Tulizika saa tisa. Tuliporudi, wanawake wamejaa sebuleni, nami nikashindwa kunyamaza. "Shemeji ameondoka nadhifu," nikasema. "Mishono ile niliitia mafundo mwenyewe, yote."

Mdogo wangu akainua uso. "Umefanya nini, dada?"

Nikarudia. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alinieleza polepole, kama anamweleza mgeni, kwamba kwao fundo kwenye nguo ya maiti humshika marehemu asiende. Nguo huachwa wazi ili aondoke zake. Kaburi halifukuliwi, na dawa ni moja tu: kwa kila fundo, mjane ashinde siku nzima bila chakula wala maji, hadi jua lizame.

"Ni mangapi?" akaniuliza.

Nikamtazama. Mifupa ya shingo imemtoka kwa kuuguza, na mtoto anavuta titi lisilo na kitu. Siku ishirini! Ningemzika na yeye.

"Manne," nikasema.

"Una hakika, dada?"

"Fundi ni mimi. Nisipojua hilo nitajua nini?"

Akafunga siku nne. Ya tano akaoga, akakunja mkeka wake wa mfungo, akacheka na mwanawe kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ameenda," akaniambia, akanikumbatia. "Nimekusamehe, dada yangu. Hukujua." Loo, bora angenizaba kibao.

Wiki mbili nilishona nikifumua, nikishona nikifumua. Mwisho nikaenda kwa mama anayewaongoza katika dini yao, muuza maziwa mwenye kibanda kidogo. Nilimweleza kila kitu, naye anasugua madebe yake.

Ndipo nikajua. Anayenyonyesha ana ruhusa ya kusubiri hadi amwachishe mtoto. Mdogo wangu hakusubiri kwa sababu aliambiwa ni manne tu. Siku si lazima zifuatane, hata miaka miwili inakubalika. Na zikiwa nyingi, waumini wote humsaidia mjane wakagawana. Yule mama mwenyewe angechukua tano. Kuuliza si ujinga. Wateja wangu nimewaimbia msemo huo miaka na miaka, mimi mjuaji.

"Basi nikamwambie ukweli?" nikauliza.

"Ameshakunja mkeka. Kwetu, ukishakunjwa haukunjuliwi tena. Utamrudishia mume aliyeshikwa, na hana tena la kumfanyia."

"Basi nitafunga mimi. Yamebaki kumi na sita."

Akaacha kusugua. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Wewe unaamini kwamba ameshikwa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini uongo mmoja ulishanitosha.

"Siamini," nikasema.

"Basi, mwanangu," akasema, akirudia debe lake, "utakuwa umeshinda na njaa tu."