Kilimia Ndani ya Hema

Katoo hakupanda milima ya Ngong kustaajabia darubini. Mei hiyo ya mwaka 2000 masika yalikuwa yameikataa Kitengela, na kwa wiki mbili mawingu makavu yalifunika magharibi kila jioni. Alitaka kujua jambo moja tu: je, Kilimia, kile kishada cha nyota sita, bado kilionekana jua likitua? Wazee wake walihesabu hivi: Kilimia kikizama, mvua imekwisha. Kama bado kiko, angengoja nyumbani. Kama kimezama, ng'ombe wake arobaini ilibidi waanze safari ya malisho ya Loitokitok wangali na nguvu za kutembea.

Binti yake Naserian, mwalimu, alikuwa amesikia kwamba kituo cha nyota kileleni kina hema linaloonyesha mbingu hata mchana. Wakaingia, wakaketi. Kaloki, mwendesha mashine, akazima taa.

"Hii ni jioni ya leo," akasema. Magharibi, juu kidogo ya ukingo wa hema, Kilimia kikameta.

"Kiko, Baba!" Naserian akamshika mkono. "Tungoje."

Katoo akashusha pumzi. Kisha akageukia kaskazini, kwa mazoea ya mtu aliyelala malishoni miaka mingi.

"Kijana, hebu usogeze usiku mbele."

Nyota zikazunguka. Moja ikabaki pale pale, karibu nusu ya njia kufika utosini.

"Ile iliyogoma ni ya wapi?"

"Ni nyota ya kaskazini, Mzee. Haisogei."

"Kwetu haipo."

"Mashine haidanganyi, Mzee. Imetoka ng'ambo."

"Basi imekuja na mbingu yake kwenye mzigo."

Naserian akacheka. Kaloki aliwasha tochi, akainamia kipimo cha mashine. Kilikuwa bado kimewekwa kwa mbingu ya digrii arobaini kaskazini mwa ikweta, kama kilivyotoka kiwandani. Wageni wa wiki nzima, na hakuna aliyeuliza.

"Mzee, nikirekebisha, Kilimia chako huenda kikaondoka."

"Rekebisha. Ng'ombe wangu hawali nyasi za ng'ambo."

Nyota iliyogoma ikashuka mpaka ikapotea. Kaloki akairudisha jioni. Jua likatua, giza likaingia. Magharibi palikuwa patupu.

"Labda bado ina kasoro," Naserian akasema polepole.

"Rudia," Katoo akaagiza. Ikarudiwa. Patupu vile vile.

Akasimama, akajifunga shuka vizuri.

"Mpigie simu ndugu yako Lemein. Atafute gari la kupakia ndama. Wakubwa tunaondoka nao kesho alfajiri."