Waziri Mkuu Katika Chumba cha Mtoto

Alhamisi ile Avril Cutforth alikuwa anapiga pasi mashati ya mkwewe, televisheni ikiongea peke yake pembeni. Waziri Mkuu alitoka kwenye mlango wake mweusi kule London, akasimama nyuma ya mimbari ya mbao iliyotolewa nje barabarani, akatangaza kwamba anajiuzulu. Alisema hali ya dunia ilikuwa ngumu. Alisema masoko yalikuwa na haraka. Kisha akageuka, akaingia ndani. Avril alikuwa bado kwenye kola ya shati la pili kengele ya mlango ilipolia. Alipofungua, alimkuta Waziri Mkuu mwenyewe kizingitini, suti ile ile, tai ile ile, na sanduku la magurudumu mkononi.

"Habari za mchana, Bi Cutforth," alisema. "Samahani nimekuja bila taarifa."

"Wala usijali. Samahani na mimi, nyumba yenyewe shaghalabaghala." Avril akampisha. "Utakunywa chai?"

Alisema atakunywa, na angeshukuru kama ingekuwapo biskuti. Alipomaliza akapanda juu na sanduku lake, akaingia chumba kidogo cha mbele, kile ambacho Dean, mkwe wa Avril, alikuwa amekipaka rangi ya njano kwa ajili ya mtoto. Alisogeza kitanda cha mtoto dirishani, akatundika koti lake.

Hebu tuelewane hapa. Waziri Mkuu huyu hakuchaguliwa na nchi. Aliyemtangulia alipoanguka, chama kilichokuwa madarakani kiliwaachia wanachama wake wenye kadi wachague mwingine kwa posta, na nchi nzima ikakaa ikisubiri watu wa aina ya Avril watie alama. Yeye alikuwa katibu wa tawi la chama hapo Wragthorpe. Miaka na miaka alikuwa ameuza tiketi za bahati nasibu ukumbini, ametumbukiza vipeperushi milangoni kwenye mvua ya Lincolnshire, ameng'atwa na mbwa wa watu wa vyama vyote. Bahasha ya kura ilipofika, binti yake alimshika mkono.

"Mama, huyu mwanamume anataka kuwapunguzia kodi matajiri halafu akope kuziba pengo. Na sisi ndio tunanunua nyumba. Usimpe, nakuomba."

"Nimekusikia, Kirsty."

Kesho yake akamwambia kura amempa yule mgombea mwingine, mwanamke. Uongo mtupu. Alikuwa amempa mwanamume, kwa sababu alisimama wima na alizungumza kama mtu asiyemwogopa mtu.

Mwanamume akashinda, na bajeti yake ilisomwa Ijumaa. Jumatatu paundi ilikuwa imeporomoka, na benki zikaanza kufuta mikopo ya nyumba ziliyokuwa zimekwisha kuiahidi. Kirsty alipigiwa simu na benki akiwa kazini, mapokezi kwa daktari wa meno, tumbo lake la miezi saba limeegemea meza. Nyumba waliyokuwa wanainunua, ile ya Chapel Lane, alikuwa amekwisha kupima madirisha yake kwa ajili ya mapazia. Alirudi nyumbani kiganja kimeziba mdomo, akakaa kwenye ngazi na koti lake mpaka giza likaingia. Avril alimletea chai. Hakuamini kwamba alama moja ya kalamu ingeweza kufika mpaka pale kwenye ngazi.

Kwa hiyo mgeni alipofika, hakuna aliyeshangaa kumwona. Foleni ya posta ilikuwa inamzungumzia kama watu wanavyozungumzia mafua.

"Wako amefika?"

"Kafika. Anafungulia joto kutwa kucha, madirisha wazi!"

"Wangu kamaliza jemu yote. Nikimuuliza, ananiambia nifikirie ukuaji wa uchumi."

Alikuwa kwa Avril, na saa hiyo hiyo alikuwa kwa Desmond Sleight, aliyekuwa muuza nyama, na kwa mama wa kwaya, na kwa ndugu wawili wenye duka la mbegu. Kilichowashtua watu ni jambo jingine. Alikuwa ameingia katika nyumba za waliompa kura tu, hata moja hakukosea. Watu waliokuwa wanaapa wiki nzima, "Mimi? Nimpe yule?" sasa walikuwa na suti ya buluu inayoonekana dirishani.

Kirsty alirudi jioni, akaona viatu vyeusi mlangoni. Alisikia sauti juu, inafanya mazoezi ya hotuba. Hakuuliza ni nani.

"Mama. Yumo humu."

"Yuko chumba cha mbele. Samahani, mpenzi, sikujua nimweke wapi."

"Uliniambia hukumpa."

Avril alikunja waya wa pasi, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi, Mama! Ukaniletea chai! Ukaniambia, 'Maskini wee, wamekufanyia nini hawa watu.' Hawa watu! Lo!" Kirsty alishika ukuta. "Sikujui kabisa."

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe angekutolea hotuba juu ya jembe. Alikaa. Alijaza bafu mpaka juu, akakata keki kabla ya wenyewe, na kila alipokutana na mtu kwenye korido alisema samahani akapita yeye kwanza. Dean alilala chini ili Kirsty apate kujinyoosha, na nepi za mtoto zikahamia jikoni, juu ya friji.

Kisha habari zikaja kwamba mgeni wa Desmond Sleight ameondoka. Desmond alikuwa mezani na mwanawe, ambaye duka la nyama lilimfia mikononi kwa sababu ya mkopo uliopanda riba. Akaweka kisu chini akasema, "Mimi ndiye niliyempa kura, na nilikosea." Basi. Waziri Mkuu akafuta mdomo, akachukua sanduku, akaenda zake kituo cha basi, na hakuonekana tena kwa Sleight.

Dawa rahisi namna hiyo, ungedhani Wragthorpe ingekuwa tupu kufikia Jumamosi. Lakini watu hawa husema samahani toka asubuhi mpaka kulala. Ukiwakanyaga wewe, wao wanaomba samahani. Wakijigonga kwenye kiti wanakiomba kiti. Neno limezoea kutoka lenyewe hata halijui tena linakwenda wapi. Kusema nilikosea ni habari nyingine.

Jumapili Avril alioka nyama na viazi. Mgeni alikaa kichwani mwa meza. Dean alimtazama mama mkwe wake bila kupepesa.

"Haya, mama mkwe. Desmond kaweza, na Desmond hajawahi kukubali hata kwamba mizani yake ilikuwa mbovu."

"Samahani, Kirsty," alisema Avril.

Waziri Mkuu akaendelea kutafuna.

"Samahani sana kama uliumia."

Waziri Mkuu akachukua kiazi kingine.

"Mama, sema ulikosea. Neno moja tu, nami nitapata mahali pa kumlaza mwanangu."

Avril alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, amelishika kwa ulimi. Akakumbuka mvua yote ile, vipeperushi vyote, mbwa wote, miaka yote aliyokitolea chama akiamini yuko sahihi.

"Hakuna ambaye angejua mapema," alisema.

"Sawasawa kabisa," alisema Waziri Mkuu. "Masoko yalikuwa na haraka."

Avril alishtuka, kwa kuwa sauti zao zilikuwa zimelingana. Kirsty alikuwa amekwisha kusimama. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wa kwake hawakutaka tena kula.

Walihama wiki ile ile kwenda Mablethorpe, pwani, kwenye kijumba cha magurudumu cha kaka yake Dean, kwenye uwanja ambao watu hukaa kiangazi tu. Waziri Mkuu alijitolea kubeba kitanda cha mtoto kushuka ngazi, akisema samahani kwenye kila kona. Kirsty hakusema kwaheri. Alifunga mlango wa gari polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu.

Mtoto alizaliwa bahari ikiwa na barafu pembezoni. Dean ndiye aliyepiga simu.

"Msichana. Anakohoa kidogo, huku kuna unyevu. Kirsty anauliza, bado yupo?"

Avril alisikiliza juu. Maji ya bafu yalikuwa yanafunguliwa.

"Yupo."

"Haya. Akiondoka utatuambia," alisema Dean, akakata.

Avril alibaki na simu mkononi, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku alipomzika mumewe. Kisha akaliambia birika, "Nilikosea." Lilitoka vizuri, bila kukwama. Akarudia. Lakini birika halikuwa limepoteza nyumba, na juu maji yaliendelea kutiririka. Alinyanyua simu ampigie Kirsty, akairudisha, akasema atapiga kesho akiwa ametulia.

Kesho yake bahasha ya chama ilidondoka mlangoni. Wanachama wenye kadi wanaombwa kuchagua Waziri Mkuu mpya, majina mawili, picha mbili. Avril alivaa miwani. Aliwasoma wote wawili kwa makini, hakuna aliyeweza kusema alifanya kwa pupa. Mmoja aliahidi kupunguza kodi kwa uangalifu zaidi, na alikuwa na uso wa heshima. Akamtia alama, akalamba gundi ya bahasha, akaipeleka kwenye sanduku la posta pale kona kabla mvua haijaanza.

Aliporudi alipanda na shuka safi chumba cha nyuma, kilichokuwa cha Kirsty. Alitoa kabatini nguo alizoacha binti yake, akazifunga kwenye mfuko, akatandika kitanda akakaza pembe. Waziri Mkuu alisimama mlangoni na taulo shingoni.

"Samahani, tunategemea mtu?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Avril. "Nyie wawili itabidi mgawane bafu."