Siku ya Kupanda Toba

Wilhelmina alishasema wazi, tena mezani wakinywa chai: Jumatatu anarudi kwao Magu. Hakupiga kelele. "Nimezika mtoto, Kashaija, halafu kila siku nalala na jiwe. Siwezi." Kisha akaomba kitu kimoja tu, kwamba Jumapili waende wakazunguke msitu kwa baiskeli, kama walivyokuwa wakifanya kabla ya Koku kuzaliwa, amwangalie mara ya mwisho kama humo ndani bado kuna mtu.

Kashaija akasema sawa. Siku hizi kwake kila kitu kilikuwa sawa. Malaria ilimchukua binti yao mwezi wa tatu, na tangu hapo Mhaya huyu, ambaye zamani angekusimulia habari za migomba ya baba yake mpaka usinzie, alikuwa akila akipewa, akilala akiambiwa, akienda kazini na kurudi nyumbani Kiseke. Msibani hakutoa chozi. Watu wakamsifu, eti mwanaume kajikaza. Kujikaza gani, jamani! Mtu anayejikaza si huchoka? Yeye hata kuchoka hakuchoka.

Jumapili wakavuka na pantoni hadi Kamanga, wakapiga barabara ya vumbi mpaka kwenye lango la hifadhi. Mzunguko wenyewe si wa kuchezea. Unaingia chini ya miti kwa kinjia cha upana wa mbuzi mmoja, mizizi imejitokeza kila mahali, halafu unakutana na mlima ambao waendesha baiskeli wameubatiza Toba, kwa sababu kila anayeupanda hukumbuka dhambi zake zote. Juu kuna majabali. Ukishayavuka unateremka upande wa ziwa, na huko ukichezea breki, shauri yako.

Wilhelmina alitangulia. Msukuma yule hana masihara na mlima: gia nyepesi, kichwa chini, kimya. Kashaija akafuata nyuma. Tumaini lake lote alikuwa ameliweka kwenye Toba. Aliwaza, mapaja yakiwaka na pumzi ikikata, huenda na lile lililolala moyoni litaamka, apate walau neno moja la kumwambia mkewe kabla ya Jumatatu. Akaikataa gia nyepesi makusudi. Mapaja yakawaka kweli. Pumzi ikakata, mate yakawa mazito, tumbili wakampigia kelele kutoka mitini. Na ndani? Hola, hakuna kitu. Akafika juu, akaliona ziwa lote linang'aa, akaliangalia kama mtu aliye kwenye foleni ya benki anavyoangalia ukuta.

"Unaona?" Wilhelmina akamuuliza.

"Naona."

Mkewe akageuzia uso pembeni.

Kwenye mteremko Kashaija alimpita, na hakubana breki. Si kwamba alitaka kufa. Hakuona tu sababu ya kubana. Tairi la mbele likagonga jiwe, akarushwa juu ya usukani, akatua kwa bega na goti. Wilhelmina akaitupa baiskeli yake, akaja mbio.

"Pole! Jamani, pole!"

"Nimeshapoa," akajibu. Ndivyo watu wanavyojibu, ulimi ulijiendea wenyewe. Damu ilikuwa imeshafika kwenye soksi.

Wilhelmina akasimama wima. Huruma ikamtoka usoni, hasira ikaingia. "Umepoa? Nyama ya goti iko nje, wewe umepoa? Na kwa Koku ulipoa hivyohivyo, siku ileile! Watu wanatupa pole, mimi nashindwa hata kufungua mdomo, wewe uko pembeni, nimeshapoa, nimeshapoa! Kwani tulifiwa na kuku?"

Kashaija akalitazama goti lake. Akalibonyeza kwa kidole. Halikuuma. Hapo akaogopa, na woga ule ulikuwa kitu cha kwanza kumfika moyoni tangu mwezi wa tatu.

"Sijapoa, Mina," akasema. "Nimekufa ganzi."

"Ganzi?"

"Angalia, nalibonyeza, haliumi. Na kesho ukipanda gari nadhani nitakuangalia unaondoka, na yenyewe haitauma. Ndicho ninachoogopa. Usifikiri sikumpenda."

Wilhelmina alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa kimya, hata kwa uongo. Kwa hili hakujiandaa. Akakaa chini palepale kwenye mizizi, akalia kwa sauti. Nyumbani akilia hivyo Kashaija hutoka nje. Leo kwa goti lile hakuwa na pa kwenda, akabaki akimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza kulia, Wilhelmina akavua kilemba chake, akamfunga nacho goti, na akakikaza kwelikweli.

"Ganzi huwa inaisha," akasema, akijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Ikiisha inauma?"

"Inauma sana. Mguu ukifa ganzi hujawahi kuamka nao?"

"Basi usiende," Kashaija akasema. "Siku hiyo nisiwe peke yangu."

Wilhelmina akatoa simu, akasogea mahali penye mtandao, akapiga Magu.

"Shikamoo mama. Hatujambo. Mama, kesho siji."

Upande wa pili mama akauliza kuna nini tena, si walishakubaliana.

"Baba Koku anaumwa," akasema Wilhelmina.