Vivuli Kwenye Yadi ya Malik Sarfaraz

Umeme ulipokatika saa nane mchana, Tehmina alikuwa amebakiza ukurasa mmoja tu, ule wa kipanya cheupe cha Suzuki, kibasi cha abiria, kilichopigwa picha kikiwa kimeoshwa na matairi yake kupakwa weusi ili yaonekane mapya. Alingoja jenereta ishike, akabandika msimbo mpya wa kuhesabu wageni, akaufungua ukurasa kwa simu yake kuhakikisha kwamba umemwona, kisha akaufungua kwa kompyuta. Ulimwona kote kuwili.

Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya hapo Lahore, kuhakikisha kwamba tovuti za wauza magari zinawahesabu wanaozitembelea. Kihesabio cha zamani kilikuwa kimetelekezwa na waliokitengeneza, na tovuti ambayo haikuhamishiwa kwenye kipya ilikuwa haioni kitu. Watu waliingia, wakatazama magari, wakatoka, na mwenye mali asijue.

Kesho yake asubuhi Malik Sarfaraz, mwenye yadi, alipiga simu. "Bibi Tehmina, vivuli vyako vimefika. Njoo uone kama ndivyo vinavyotakiwa viwe."

Vilikuwa vimefika kweli. Kando ya kila gari vilisimama vivuli vya watu, bila watu. Vingine vimelala kwenye saruji, vingine vimepanda milango mpaka kwenye vioo. Mtu alipofungua ukurasa wa gari akiwa kwake, kivuli chake kilikuja hapa kutazama, alipoufunga, kilirudi. Vya wale wasioweza kuacha kufungua vilikuwa vimeona kurudi ni usumbufu, vikabaki. Waosha magari walivizunguka huku wakiburuta mpira wa maji. Faraz, muuzaji, alikuwa amehamisha kiti chake mbali na kivuli kimoja kinene kilichokuwa kikienda na kurudi mbele ya Corolla, kwa sababu kilimtia kizunguzungu.

"Cha zamani kilinipa namba," Malik alisema akikoroga chai. "Namba niifanyie nini? Sasa namwona mtu. Kile pale kimekuja mara moja, kikaenda zake, huyo anapita njia tu. Lakini kile cha kofia, pale kwenye kipanya, hakijabanduka tangu jana. Huyo kanasa. Faraz, ongeza bei."

Faraz akatoa simu, akaongeza.

Tehmina alikitazama kile cha kofia. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, na shingo imepinda kama ya mtu anayesikiliza injini. Alimjua. Alikuwa Chacha Inayat, ami wa kila mtu mtaani kwao, aliyekuwa akipeleka watoto shule mpaka gari lake lilipokufa injini katikati ya Ramadhani.

Alasiri hiyo alimkuta kwenye bomba la maji ya kunywa. Amesimama juani na madumu yake, na chini yake pakiwa peupe. Mkewe, Khala Razia, alikuwa akimsema mbele za watu.

"Gari limemfia. Sasa hata kivuli hajui alikokiacha. Kesho atanipoteza na mimi!"

"Wewe hupotei," alisema Chacha. "Nitafuata kelele."

Waliopanga foleni wakacheka. Tehmina akamvuta pembeni. "Chacha, ule ukurasa wa kipanya usiufungue tena."

"Kwani kutazama nako kunalipiwa?"

"Kunalipiwa."

Alidhani anataniwa. Alipoona Tehmina hacheki, akashusha madumu. "Binti yangu, wazazi wamenivumilia mpaka shule zifunguliwe. Wakipata gari jingine, mimi basi tena. Nikiamka natazama kama bado kipo. Nikitoka kuswali natazama. Na bei inapanda, uliona? Kuna mwingine anakimezea mate, nakwambia."

Tangu hapo Tehmina hakutulia. Aliinuka mezani, akaketi, akaenda dirishani, akarudi. Kila aliposhika kazi nyingine, vidole vyake vilimpeleka kwenye ukurasa wa kipanya kuona bei imefika wapi. Ilikuwa inapanda. Usafi wake ukawashangaza wenzake, maana hata vikombe vya ofisi nzima alivisafisha kwa kukosa pa kuiweka mikono.

Mwishowe akautoa msimbo kwenye ukurasa ule peke yake. Asubuhi yake Chacha Inayat alitoka nyumbani na kivuli chake, kimechakaa kidogo pembeni, na watoto wakakikanyaga kwa kumchokoza. Kabla ya adhuhuri Adeel, bosi wake Tehmina, alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Malik Sahib anasema kipanya chake kimepofuka."

"Msimbo una hitilafu."

"Basi urekebishe. Tunalipwa ili pasiwe na ukurasa uliolala, Tehmina. Ukiulaza huu, kesho yadi zote zitahamia kwa wengine, na sisi sote humu tutarudi kwetu kukanda unga."

Akaurudisha. Kisha akachukua bajaji mpaka yadini.

"Malik Sahib, yule wa kofia namjua. Ni mzee wa mtaani kwetu, anapeleka watoto wa watu shule. Mpunguzie."

Malik akasogeza kiti. "Unamjua? Vizuri sana. Hizo shule zinafunguliwa lini?"

Tehmina akauvuta mtandio uliomteleza begani. Malik alimtazama anavyolikwepa swali, akamwashiria Faraz, na bei ikapanda tena.

"Wala usininunie," alisema, bila ubaya wowote. "Angekuwa peke yake nisingethubutu kufika hapa. Lakini wako wawili wanaokigombea."

Akaonyesha kwa kijiko. Nyuma ya kivuli cha kofia, kwenye mlango wa abiria, palikuwa na kivuli cha mwanamke mwembamba, mtandio ukimteleza begani, kikiinuka na kuketi, kikiinuka na kuketi. Tehmina akatazama miguuni pake. Saruji ilikuwa tupu.

"Huyo ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakagua. Mkaguzi hatakiwi kuhesabiwa. Nilisahau kujitoa."

"Basi jitoe."

Akajitoa palepale, kwa simu. Kivuli kikamrudia miguuni, kizito, kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka.

"Na bei?"

"Bei ni ya yadi, Bibi Tehmina. Kivuli ndicho chako."

Chacha Inayat alikinunua kipanya Jumamosi. Khala Razia aliuza bangili zake za harusi bila kusema neno, na mtaani hakuna lililowashangaza watu kuliko hilo.

Tehmina alimkuta Chacha akipangusa vioo. Alisimama upande huu, akahamia ule, mwisho akasema kwamba yule mwingine aliyepandisha bei alikuwa yeye.

Chacha akaacha kupangusa. "Kumbe na wewe ulikuwa unakitaka?"

"Hapana, Chacha. Nilikuwa nakagua."

"Unakagua nini?"

"Kama wanaokitaka wanaonekana."

Chacha akakikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Basi," alisema, "tulionekana."

Kivuli chake hakikurudi. Malik alikuwa ameweka kipanya kingine, cha buluu, kwenye ukurasa uleule kwa kubadilisha picha tu, na kivuli cha kofia kikabaki pale. Waliokuja kununua walikiona, wakaogopa kuwahiwa, wakatoa pesa upesi. Chacha alikwenda kukidai. Faraz alimpa kiti kizuri na chai yenye maziwa mengi.

"Kinatusaidia sana, Chacha. Na wewe siku nzima uko ndani ya gari, utakifanyia nini?"

Chacha alikunywa chai. Alikitazama kivuli chake kikiinama kukagua tairi la gari la watu, akakiita kwa jina lake, na kilipokosa kugeuka akaaga, akaenda.

Tehmina alipewa yadi za Multan. Safari hii alijitoa kwanza, ndipo akaanza kukagua, ukurasa kwa ukurasa. Vivuli vikaanza kufika huko pia, na wenye yadi walituma salamu za shukrani na kikapu cha maembe. Hakuyala. Aliyagawa ofisini, akarudi mezani, akainuka tena.

Shule zilipofunguliwa, kipanya kilijaa watoto mpaka mlangoni. Msichana aliyekaa kiti cha mbele alichungulia barabarani, akaona kivuli cha gari, vivuli vya vichwa vyote madirishani, na upande wa usukani mwanga mtupu.

"Chacha, cha kwako kiko wapi?"

"Kiko kazini," alisema Chacha Inayat, akatia gia.