Upande wa Kushoto wa Amponsah

Dufie alidhani mumewe amechoka na mapishi yake. Kila jioni Amponsah alikula fufu ya upande wa kulia wa bakuli, ya kushoto akaiacha, kisha akalalamika kwamba njaa inamuuma.

Kwenye kibanda cha wafumaji kule Bonwire, wenzake walimcheka. Kitambaa chake cha kente kilinyooka upande mmoja, upande wa pili nyuzi zikaning'inia ovyo.

"Amponsah, leo umeanza na gongo asubuhi?"

"Gongo ya nani? Nyie ndio macho yenu mabovu!"

Siku alipoanguka akitetemeka mwili mzima, walimkimbiza hospitali ya Kumasi. Akachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, akaingizwa kwenye mashine ya MRI.

Daktari Tawiah alimwonyesha Dufie picha. Upande wa kulia wa ubongo palikuwa na doa jeupe, kingo zake hazikunyooka, katikati jeusi.

"Mama, huu ni uvimbe. Sehemu hii ndiyo inayomjulisha kwamba kuna kushoto. Macho yake ni mazima, ila kushoto kwake hakupo tena."

"Na mimi nimemnunia kwa ajili ya fufu," Dufie alisema, akafunika uso kwa kanga.

Wakampasua, wakatoa walichoweza, wakamchoma mionzi. Picha iliyofuata ilionyesha weupe tena.

"Huenda ni kidonda cha mionzi, huenda ni uvimbe wenyewe," daktari alisema. "Kwa sasa vinafanana. Tusubiri picha nyingine."

Kungoja kule kulimkondesha Dufie kuliko habari mbaya. Amponsah akapata nafuu kidogo, akaomba apelekwe kibandani, akafuma kipande kifupi kilichonyooka. Wenzake hawakucheka tena. Walikaa kimya mpaka akawauliza wamefiwa na nani.

Picha ya tatu haikuhitaji maelezo marefu. Weupe ulikuwa umevuka hadi nusu ya pili ya ubongo. Daktari aliizima skrini, akasema, "Mrudishe nyumbani, mama."

Amponsah alilala chumbani, mkono wa kushoto mikononi mwa mkewe.

"Dufie yuko wapi?"

"Niko hapa, Baba Serwaa. Si nimekushika mkono?"

"Mkono wa nani?"

Dufie akazunguka kitanda, akakaa kulia. Amponsah akatabasamu.

"Ulikwenda wapi siku zote hizi?"

"Sokoni," Dufie alimjibu. "Foleni ilikuwa ndefu."

Amponsah alifariki alfajiri ya Jumapili.